Chai ya Dungusi

Bibi aligusa kipande cha juu kwa kidole kimoja tu, na dungusi zima likamlalia mkononi kama muhogo uliopikwa ukapitiliza. Maji ya rangi ya kutu yakamchuruzika kiganjani, yananuka kama samaki aliyesahauliwa chini ya kitanda. Aliuweka ule uozo juu ya ungo, taratibu, kama mtu anayelaza mtoto, kisha akachungulia ndani ya kopo. Juu ya udongo palikuwa na ukoko mweupe uliokuwa unang'aa kwa jua la dirishani. Akaubandua kidogo kwa ukucha, akalamba, akatema, akajifuta ulimi kwa pindo la kanga.

"Chumvi," akasema.

Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni na ufagio, mtoto wa miaka tisa. Bibi akageuka akanitazama, akanitazama mpaka nikasahau ufagio ni wa kazi gani.

"Maji ya samaki uliyamwaga wapi?"

"Kule nyuma ya mgomba, Bibi."

"Nakuuliza mara ya pili."

"Nyuma ya mgomba, Bibi. Kweli tena."

Baba mdogo alikuwepo. Alikuwa amekaa palepale kwenye kigoda, baiskeli yake imegeuzwa magurudumu juu, anaziba pancha. Hakuinua kichwa.

"Basi umemuua mwenzako," Bibi akaniambia. "Mto ulianza. Wewe umemmalizia."

Rafiki yangu unayesoma, mimi nimefika darasa la nne tu, sijui kupanga maneno kama wenye elimu. Lakini mwezi uliopita binti yangu, aliyepanga mjini Morogoro, alikuja Ifakara kunisalimia, akaniletea dungusi dogo, ule mmea wa jangwani usio na majani, kwenye kopo la maziwa, kubwa kama nusu ya kiganja changu. Siku hizi vijana wanayaweka sebuleni, juu ya kitambaa cha kufuma, karibu na redio. Akaniletea na kifuko cha mbolea nyeupe. "Mama, niliwekee kijiko kimoja au viwili?" Nikamnyang'anya kile kifuko kwa nguvu mpaka akaogopa. Nilipotulia nikamsimulia. Naye akasema, andika, Mama. Basi ndiyo naandika.

Nyumba ya Bibi ilikuwa upande wa kwenda Kivukoni, ya udongo na nyasi, na dirisha moja lililotazama milima ya Udzungwa. Asubuhi za kipupwe ukungu ulikuwa unashuka kutoka kule mlimani ukalala juu ya mashamba ya mpunga, na sisi tuliokuwa ndani tuliiona dunia yote ikiwa nyeupe, hakuna mti, hakuna njia, sauti tu. Sauti ya kinu kwa jirani, tu, tu, tu. Sauti ya jogoo asiyeonekana. Mtu anakohoa mahali fulani kwenye ule weupe, unasikia tu kikohozi kinapita kwenda mtoni. Halafu jua linapasua, na kitu cha kwanza kupata rangi nyumbani mwetu kilikuwa dungusi la Bibi, pale dirishani, juu ya kinu cha zamani kilichopasuka. Kijani chake kilikuwa kama kimepakwa mafuta. Vipande vyake vilikuwa bapa, vimepandana, kama viganja vya watoto walionyoosha mikono kuomba kitu.

Nilipokuwa mdogo kabisa niliamini kweli ni viganja. Nilikuwa navihesabu, navipa kazi. Hiki cha kushika kijiko, hiki cha kusuka ukili, hiki cha kunishika mimi.

Nieleze kwa nini. Sisi tulizaliwa mapacha, wasichana wawili, mwaka ambao maji yalifika mpaka kizingitini. Kwetu kitovu cha mtoto kinazikwa nyumbani, ndipo mtoto anapokuwa na kwao. Sasa Bibi akatazama ule uwanja wote umekuwa tope, akasema hawezi kuzika vitovu vya wajukuu zake mahali ambapo mto unaweza kuja kuvichukua. Wakati huo alikuwa anafua vitambaa vya altare kule misheni, na sista mmoja mzee wa Kizungu alikuwa anaotesha madungusi kwenye makopo dirishani kwake. Alimpa Bibi kipande kimoja. Bibi akakata debe la mafuta ya taa nusu, akalitoboa matundu chini kwa msumari, akatia mchanga wa mtoni na udongo wa kichuguu, akaviweka vitovu vyetu vyote viwili pale chini, na juu yake akapanda kile kipande. Hivyo kwetu sisi palikuwa ndani ya kopo. Maji yakija, kwetu panabebwa. Na palibebwa kweli: kila masika mto ulipopanda, Bibi alibeba lile kopo kwanza, ndipo akarudi kuchukua mpunga.

Tulipofika miaka minne, mama alitupakia kwenye mtumbwi kutoka upande wa Lupiro, tunarudi nyumbani. Maji yalikuwa mengi, mtumbwi ukapinduka. Nakumbuka rangi tu, kijani kilichochanganyika na udongo, na jua limeingia ndani yake likavunjikavunjika, na sikuogopa. Ilikuwa kama nimo ndani ya chupa. Halafu mkono wa mvuvi ukanishika nywele. Mama na mwenzangu hawakuonekana, siku ile wala siku zilizofuata. Baba alikuwa amekwenda kukata mkonge, habari zikamkuta huko, naye hakurudi tena. Nikabaki mimi na Bibi.

Basi ndipo ujue lile dungusi lilikuwa nini. Siku ya Marehemu Wote, mwanzoni mwa mwezi wa kumi na moja, watu wote wa parokia walikuwa wanakwenda makaburini na majembe na maua, wanapalilia, wanawasha mishumaa. Sisi hatukuwa na kaburi. Bibi alikuwa anaweka mshumaa mbele ya kopo. Na ua lilikuwa lake lenyewe, dungusi, likichanua siku hizo, la njano kama kiini cha yai, petali zake laini mpaka unaogopa kulipumulia. Kazi ya Bibi ya mwaka mzima ilikuwa hiyo: lichanue kabla ya siku ile. Likichanua, mama na mwenzangu wamepata ua lao. Lisipochanua, wamelala mtoni bila mtu.

Yule sista alikuwa amemfundisha Bibi namna ya kulilisha. Bibi alipenda kumwigiza, amebana pua, Kiswahili cha Kizungu: "Mama! Huyu sasa analala. Usimpe kitu. Ukimpa chakula analala, yeye atatapika!" Tulikuwa tunacheka mpaka Bibi anashika mbavu. Lakini aliyashika yale maneno kama katekisimu. Kuanzia mavuno ya mpunga mpaka baridi imalizike, dungusi halipewi mbolea hata chembe, na maji ni tone la huruma tu. Mwezi wa tisa, upepo unapoanza kuwa moto na mashamba yamechomwa, Bibi anainama kila asubuhi kulichungulia kwenye kingo. Akiona kichipukizi kama punje ya mtama, anapiga kofi moja. "Ameamka!"

Hapo nilikuwa natumwa kwenye zizi la jirani, mke wa mvuvi, kuokota samadi ya mbuzi. Konzi moja tu, ya kujaa kiganja, iliyokauka, isiyo na mkojo. Ya kuku Bibi aliikataa, alisema ni kali, inaunguza. Ile konzi tuliiloweka kwenye chungu siku saba, tumefunika kwa jani la mgomba. Siku ya saba Bibi anachuja kwa kipande cha kanga kuukuu, anaongeza maji, anatazama, anaongeza tena, mpaka rangi inakuwa ya chai ya mgonjwa, ile ambayo majani yamepitishwa tu. Harufu yake sikuiona mbaya. Hata leo nikipita penye zizi baada ya mvua nasimama.

Kwanza udongo unanyweshwa maji matupu. Tunasubiri yachuruzike chini yaishe. "Usimpe chai mtu mwenye koo kavu," ndivyo alivyokuwa akiniambia, maana udongo mkavu ukipewa mbolea mizizi inaungua. Kisha kata mbili za ile chai, zimezungushwa pembeni mwa kopo, zisiguse mwili wa mmea. Ya kwanza alimimina Bibi, ya mama. Ya pili nilimimina mimi, ya mwenzangu. Nilishika kata kwa mikono miwili nisimwage. Halafu hakuna mbolea tena mpaka ua lidondoke.

Na sahani. Hili lazima niliseme. Bibi alipokuwa ananipakulia wali kwenye sahani ya bati, alifanya vilima viwili, kimoja changu, kingine cha mwenzangu, na katikati mfereji wa mchuzi wa perege. Nilikula vyote viwili, ila nilianza na cha mwenzangu ili asichelewe. Hakuna aliyenifundisha. Nilijua tu. Mchele wa bonde letu una harufu inayoingia mpaka kwenye nguo, na mpaka sasa nikisikia wali unakaukia maji naona vile vilima viwili, vinafuka moshi, dirisha nyuma yake, na viganja vya kijani dirishani.

Sasa baba mdogo. Ni mtoto wa mwisho wa Bibi, na baba yangu mimi ni kaka yake. Alikuwa kijana mtanashati, amepata kazi kwa bwana shamba upande wa Kisawasawa, kubeba magunia na kupima vijaruba vya mpunga. Mwaka ule alikuja likizo mwezi wa saba, mpunga umeshaingia ghalani, maji ya mto yamerudi nyuma na samaki wamenaswa kwenye madimbwi. Alikuja na baiskeli, kaptula imepigwa pasi.

"Shikamoo, mama. Bado unamnywesha huyu mgonjwa wako chai ya mavi?"

"Marahaba. Mgonjwa wewe, mguu mmoja Kisawasawa mwingine haujulikani uliko."

"Mama, tuna mbolea ya Kizungu siku hizi. Nyeupe, safi, haina harufu. Ukiuwekea mpunga unaota mpaka unatafuta ngazi ya kuvunia."

"Kampake bwana shamba wako kichwani, upara uote nywele."

Jirani, mke wa mvuvi, alikuwepo, akacheka mpaka akadondosha ungo. Na binti yake alikuwepo, ambaye baba mdogo alikuwa anamchumbia, naye akacheka. Nadhani ni kicheko cha yule binti kilichomchoma. Alicheka naye, lakini masikio yalimwiva.

Siku zile mimi nilikuwa na kazi ya samaki wa chumvi. Bibi anapasua kambale mgongoni, anawaviringisha kwenye chumvi, wanalala kwenye karai, na yale maji yanayotoka, mazito, ya kijivu, kazi yangu ni kuyamwaga nyuma ya mgomba uliokwisha kuzaa. Mbali na nyumba, mbali na bustani, mbali na kila kitu chenye mizizi. Bibi alinionya mara nyingi mpaka nikawa nakwenda nahesabu hatua. Sikuwahi kumwaga mahali pengine. Siku moja nilijikwaa karibu na mlango, matone machache yakaanguka, nikakwangua ule udongo kwa mikono nikaupeleka nyuma ya mgomba nao. Ndivyo nilivyokuwa mwangalifu.

Lakini Bibi alipoonja ule ukoko, nyumba nzima ilikuwa na mtu mmoja tu anayeshika maji ya chumvi, naye ni mimi. Uliona pale mwanzo, alitema akajifuta ulimi? Chumvi ya samaki haiwashi ulimi hivyo. Bibi alikuwa amelamba chumvi maisha yake yote. Ulimi wake ulimwambia, yeye hakuusikiliza.

Alinipigisha magoti mbele ya kopo. Fimbo zilikuwa chache, na fimbo zimepona. Alisema niombe msamaha kwa mwenzangu. Nikasema sikufanya. Akasema niombe. Jua lilisogea kutoka dirishani mpaka ukutani, na baba mdogo akamaliza pancha, akajaza upepo, akaigeuza baiskeli yake, akazungusha pedali kusikiliza kama mnyororo umekaa. Tiki tiki tiki tiki. Nikaomba msamaha. Niliomba msamaha kwa jambo ambalo sikulifanya, kwa mtu ambaye nilikuwa nakula chakula chake kwanza ili asisubiri.

Kesho yake Bibi alibeba kopo mpaka Kivukoni, mimi namfuata nyuma. Mto ulikuwa umetulia, umeng'aa, ndege weupe wamesimama kwenye kina kifupi kama nguo zilizoanikwa. Akaingia maji ya magoti, akaligeuza lile kopo. Udongo ukatoka mzima kama keki, ukakaa juu kidogo, ukafumuka. Vitovu vyetu, mizizi, mchanga, vyote. "Nenda kwa mama yako," akasema. Kopo akaliacha nalo likaenda, linazama na kuibuka. Ilikuwa nzuri kutazama, Mungu anisamehe. Ilikuwa kama ndoto ambayo mtu hawezi kuamka.

Jioni ile akanipakulia wali. Kilima kimoja.

Alinilea vizuri, sisemi uongo. Alinishonea gauni la komunyo, aliniuguza homa. Ila kilima kilibaki kimoja mpaka nilipoolewa. Siku ya Marehemu mwaka ule watu walipopita na maua kwenda makaburini, Bibi alifunga dirisha. Alikufa mimi nimemshika mkono, na mkono wake haukunibana. Hilo ndilo nililoondoka nalo.

Ukweli niliupata nikiwa na watoto wanne. Nilikuwa Kivukoni nasubiri kuvuka, nikamkuta yule jirani, mke wa mvuvi, amezeeka, anakaanga samaki. Nilimwamkia, akanishika mkono hakuuachia.

"Mwanangu, nina neno limenikaa kooni."

"Sema, mama."

"Lile dungusi. Nilimwona baba yako mdogo. Nilikuwa nje natwanga, dirisha liko wazi. Ametoa mkebe wa tumbaku mfukoni, anatia kwa kijiko, kama mtu anaunga mboga. Udongo mkavu, wala hakumwaga maji. Nikajua ni ile mbolea yake aliyotamba nayo."

"Na niliposhtakiwa mimi?"

Akageuza samaki. "Alikuwa amekwisha leta barua ya uchumba kwa binti yangu. Ningesema, Bibi yako angemfukuza. Ndoa ingekufa."

Basi kwa ajili ya ndoa. Ile mbolea ambayo leo kila mkulima anaiita ya chumvichumvi, ile ile, imewekwa kwenye mmea uliolala, kwenye udongo mkavu, katikati ya baridi, na mtu aliyetaka kumwonyesha mchumba kwamba yeye anajua kuliko mama yake. Laiti angeuliza tu. Hata mimi wa miaka tisa ningemwambia.

Nilivuka siku ile ile nikaenda Lupiro, anakokaa mpaka leo na yule binti wa jirani, sasa mkewe, na wajukuu na baiskeli nyingine. Nilimkuta barazani.

"Baba mdogo, shikamoo."

"Marahaba, mwanangu! Umeniletea tumbaku?"

Nikamwuliza moja kwa moja. Akatazama chini kidogo, akacheka.

"Aah, wewe! Mambo ya utoto hayo bado unayo? Mmea tu ule. Nilitaka kumfurahisha mama. Mbona nilinyamaza kwa nia njema, nisije nikamuumiza zaidi?" Akamwita mkewe alete uji. Nikaunywa. Ndiyo adabu niliyofundishwa. Nikavuka mto nikarudi.

Nyumba ile haipo. Zizi la mbuzi halipo, kile kinu kilichopasuka sijui nani alikifanya kuni. Ukungu bado unashuka kutoka Udzungwa, lakini dirisha la kuutazamia halipo, na mtu wa kupiga kofi akasema "Ameamka!" hayupo. Hili dungusi la binti yangu nimeliweka kwenye mwanga. Sasa limelala, sijalipa kitu. Mwezi wa tisa nitaloweka konzi moja ya samadi.

Jirani ameshatubu kwangu, nimemwacha. Bibi naye nimemsamehe zaidi ya nusu. Umebaki wewe, baba mdogo. Wajukuu zako wanasoma, watakusomea haya. Wewe ni mzee, utamwona Bibi kabla yangu, na huko utamwambia mwenyewe mkono wa nani ulishika ule mkebe, maana alikwenda akidhani ni wangu. Lakini kabla hujafika huko, anza na mimi. Siku ya Marehemu Wote njoo Ifakara. Kigoda kipo, nimekiweka mbele ya kopo. Kaa, inua kichwa, useme mbele ya wanangu ulitia vijiko vingapi, na kwa nini uliendelea kuzungusha pedali wakati mimi nimepiga magoti.